Upofu wa Walioshiba

Mwaka 1988 madaktari wa macho wa Dar es Salaam walianza kupokea vijana wenye tatizo ambalo hawakulitarajia mjini. Wagonjwa hao hawakuwa na macho mekundu, wala tongotongo, wala mtoto wa jicho, wala kovu. Kwa nje jicho lilikuwa safi kabisa. Lakini ndani ya wiki au miezi michache, uwezo wa kuona kile mtu anachokitazama moja kwa moja ulikuwa umefifia, macho yote mawili kwa pamoja, tena bila maumivu. Mwanafunzi hakuweza tena kusoma ubaoni na fundi cherehani hakuweza kutunga uzi. Pembeni mwa jicho mambo yalibaki kama zamani, kwa hiyo mtu aliweza kuvuka Barabara ya Morogoro peke yake, akaliona basi likija na akalipisha, ila asijue limeandikwa Mwenge au Temeke. Hata rangi hazikumfaa, maana nazo zilikuwa zimechujuka. Miwani haikusaidia kitu. Ubovu haukuwa kwenye lenzi, ulikuwa kwenye neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Baadhi ya wagonjwa walieleza pia kwamba nyayo zinawaka moto au zimekufa ganzi, na wengine masikio yalikuwa yamepungua nguvu.

Ugonjwa huo haukuisha. Mwaka 1997 Gordon Plant wa London, pamoja na Mtanda na wenzao, waliuchapishia maelezo marefu ya kitabibu. Mwaka uliofuata Rupert Bourne na wenzake waliripoti kwamba walikuwa wameupata kwa watoto wa shule za msingi za jiji, na katika mwaka huohuo barua kuhusu ugonjwa huu ilitokea kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani. Zaidi ya miaka 20 tangu wagonjwa wa kwanza, watafiti walikuwa bado wanaandika juu ya wagonjwa wapya wa Dar es Salaam. Hoja ya makala hii ni kwamba huu, kwa sehemu yake kubwa, ni ugonjwa wa upungufu wa vitamini, na kwamba ulichelewa kueleweka hivyo kwa sababu nchi yetu ilikuwa imejifunza kuutafuta upungufu huo mahali pengine. Tuliuzoea kijijini, kwa mtoto mdogo aliyedhoofu, wakati wa njaa au baada ya surua. Hatukuuzoea katika mitaa ya jiji kama Mwananyamala, Tandale au Mbagala, kwa kijana mwenye mwili wake aliyekula akashiba jana usiku.

Tulichojifunza mwanzo hakikuwa kosa, na ni haki kukieleza kwa heshima yake. Vitamini A ndiyo inayotengeneza kemikali ya retina inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu, na pia ndiyo inayolinda ngozi laini ya jicho. Ikipungua, mtoto huanza kupapasa magharibi inapoingia. Ikizidi kupungua, jicho hukauka, na konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, hulainika, hutoboka na kubaki na kovu jeupe. Surua humaliza akiba ndogo ya vitamini hiyo kwa siku chache tu, na ndiyo maana katika Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 surua na upofu wa watoto vilikwenda pamoja. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, Barclay, Foster na Sommer waliwagawa watoto 180 waliolazwa kwa surua katika makundi mawili, kundi moja likapewa vitamini A ya dozi kubwa. Walichapisha matokeo mwaka 1987: kati ya watoto 88 waliopewa walikufa 6, na kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12. Kwa jumla hiyo mtu angeweza kusema ni bahati tu, lakini kwa walio chini ya miaka 2 tofauti ilikuwa kubwa mno kuipuuza. Mwaka huohuo Foster na Sommer walionyesha jinsi surua, ukosefu wa vitamini A na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni vilivyokuwa vikishirikiana kuharibu konea za watoto wa Tanzania. Kutokana na kazi kama hizo, pamoja na zile za Indonesia, ndipo tukafikia utaratibu wa leo, ambapo mara mbili kwa mwaka mama humpeleka mwanawe kliniki, muuguzi akakata ncha ya kidonge cha rangi na kumdondoshea mtoto mdomoni. Chanjo ya surua na matone hayo vimeokoa macho ya watoto wengi.

Lakini ushindi huo ulijengwa juu ya picha moja ya mgonjwa. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, mwaka uleule wa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, watu wakikaa vikundi vikundi vijijini kusikiliza redio na kujadiliana. Mradi wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ukawa mfano uliosifiwa duniani kote: kijiji kinapima watoto wake wenyewe, kinajaza kadi, kinakaa kikao kuulizana kwa nini mtoto wa fulani hakuongezeka uzito. Naona hiyo ni moja ya kazi bora zilizofanywa na Tanzania huru. Hata hivyo chombo kikuu cha mradi kilikuwa mzani, na mzani ulikuwa wa walio chini ya miaka mitano. Mwanafunzi wa darasa la sita wa Kinondoni, jijini Dar es Salaam, hapimwi kwa mzani huo, na hata angepimwa asingeonekana na lolote, kwa kuwa ugonjwa ninaouzungumzia haumkondeshi mtu. Wakati Iringa inahesabu mafanikio ya miaka mitano ya kwanza, Dar es Salaam ilikuwa inaanza kupokea vijana waliopoteza nuru bila kupoteza kilo. Mapambano dhidi ya upofu nayo yalielekea kulekule bara, ambako Kongwa ilijulikana duniani kwa utafiti wa trakoma.

Neva ya jicho ina nyuzi zaidi ya milioni moja. Zile zinazohudumia kitovu cha kuona ni nyembamba kuliko nyingine, na kipande chao kilicho ndani ya jicho hakina ala ya mafuta inayorahisisha safari ya ujumbe, kwa hiyo hutumia nishati nyingi mno kwa unene wao. Nishati hiyo huzalishwa na mitokondria za seli, na mitokondria haziwezi kazi bila vitamini za kundi B: thiamini, foleti, B12 na jamaa zao. Zikipungua kwa muda mrefu, au sumu fulani ikizuia mitokondria kufanya kazi, nyuzi hizi nyembamba ndizo za kwanza kufa. Ndiyo sababu kitovu hupotea na pembeni hubaki, na ndiyo sababu nyayo, ambazo neva zake ndizo ndefu kuliko zote mwilini, huanza kuwaka au kufa ganzi. Dalili za vijana wa Dar es Salaam zilifuata ramani hiyo kwa ukamilifu.

Tena ramani hiyo ilikuwa imeshachorwa mara kadhaa. Daktari Henry Strachan, aliyefanya kazi Jamaica, alieleza mwaka 1897 wagonjwa 510 wenye macho yaliyofifia, miguu iliyowaka na masikio mazito. Huko Nigeria mwaka 1930 daktari Moore aliandika juu ya wanafunzi waliokuwa wakishindwa kusoma karibu na mbali, akauhusisha upungufu huo na chakula chao cha shuleni, kilichokuwa muhogo kwa wingi na kitoweo kidogo. Wafungwa wa vita walioshikwa na Wajapani Singapore kati ya 1942 na 1945, wakilishwa mchele uliokobolewa, walipata ugonjwa huohuo kambini. Na Cuba, kuanzia mwishoni mwa 1991, msaada wa Muungano wa Kisovyeti ulipokatika na watu wakabaki na wali, sukari, tumbaku na kutembea kwa miguu, zaidi ya watu 50,000 waliugua ndani ya miaka miwili hivi. Mwaka 1993 serikali ya Cuba iligawa vidonge vya vitamini kwa taifa zima na mlipuko ukatulia. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo ambapo wagonjwa wote walikuwa watu wa kufa njaa. Mwanafunzi wa Nigeria alishiba muhogo wake. Vivyo hivyo, nje ya ugonjwa huu wa macho, mkimbizi wa Msumbiji aliyekuwa Malawi mwaka 1989 na 1990 alikuwa na mgao wa mahindi. Alichokikosa ni karanga, na kwa kukosa karanga watu zaidi ya 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa mwingine wa vitamini B.

Sasa tuitazame sahani ya Kinondoni. Historia yake haiwezi kusimuliwa bila sembe. Kwa miaka mingi Shirika la Usagishaji la Taifa ndilo lililomlisha mtu wa mjini, na lilimlisha unga mweupe uliotolewa ganda na kiini, kwa bei iliyopozwa na ruzuku. Mtu aliyetoka Singida au Morogoro akapanga chumba Magomeni alijifunza haraka kwamba unga mweupe ndio unga wa mjini, na dona ni unga wa shuleni, jeshini na gerezani. Ruzuku iliondolewa mwaka 1984, na kuelekea mwisho wa muongo huo biashara ya nafaka ikahamia mikononi mwa watu binafsi, lakini ladha haikurudi nyuma. Mashine zilizochipuka Tandale, na Manzese ambayo wakati huo ilikuwa bado Kinondoni kabla ya Ubungo kukatwa kuwa wilaya, zilifanya kazi ileile kwa mikono zaidi: mahindi yanakobolewa, yanaloweshwa, yanaoshwa, yanaanikwa kwenye sakafu, ndipo yanasagwa. Kinachobaki ni wanga mweupe mno. Sehemu kubwa ya vitamini B za punje iko kwenye ganda na kiini, na hivyo viwili vinatoka mashineni vikiitwa pumba, vinafungwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji wa kuku. Katika miaka ileile ambayo familia nyingi za Dar es Salaam, za wakubwa kwa wadogo, zilikimbilia kufuga kuku uani ili mshahara ufike mwisho wa mwezi, kuku ndio waliokula sehemu bora ya hindi. Wala si mara ya kwanza kwa jiji kuchagua kwa rangi. Miaka ya shida, meli za msaada zilipoleta mahindi ya njano kutoka Marekani, watu waliupa unga wake jina la Yanga kwa sababu ya jezi za klabu ya jina hilo, wakaula kwa kununa. Unjano ule unatokana na kundi la kemikali ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A.

Msomaji wa pwani atauliza: na mboga je? Mchicha umelimwa bonde la Msimbazi tangu zamani, matembele yanaota kila penye maji, na samaki wanatua Msasani na Kunduchi kila alfajiri. Swali hilo ni zuri kuliko yote, nami nitalijibu kwa sehemu. Samaki na dagaa huleta B12, lakini foleti waliyo nayo ni kidogo. Foleti iko kwenye majani, maini na jamii ya kunde, nayo ni vitamini inayoharibika kwa moto na kuyeyuka kwenye maji. Mchicha uliochemshwa, ukamwagwa maji, kisha ukakaangwa mpaka ukaiva mara mbili, unafika mezani ukiwa na rangi tu ya kile ulichokuwa nacho sokoni. Maharage hustahimili zaidi, na kwa bei yake ni vyakula vichache vinavyoyashinda kwa foleti. Hapa ndipo jambo lenyewe linaponivutia, kwa maana maharage yanahitaji saa nzima au zaidi ya moto. Kwa kaya inayonunua mkaa kwa kopo, chungu cha maharage ni gharama mbili, ya maharage yenyewe na ya kuyaivisha. Chai ya rangi na andazi asubuhi, ugali na kipande cha samaki wa kukaanga jioni, hizo zinaiva upesi. Kwa hesabu hiyo, mama wa Tandale anayeacha maharage hafanyi hivyo kwa kukosa elimu ya lishe. Anapiga hesabu sawasawa, na inakuja hivyo.

Mkaa unaingia kwenye kisa hiki kwa mlango mwingine pia. Mwaka 2011 Hodson, Bowman, Mafwiri na wenzao walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa jiji na watu wasiougua. Vitu viwili vilijitokeza kuhusishwa na ugonjwa, foleti ndogo kwenye damu na moshi wa ndani ya nyumba. Mtu anayeijua nyumba ya Kiswahili hahitaji kuelezwa moshi huo unatoka wapi. Vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mrefu katikati, kila chumba kina familia na kila familia ina jiko lake. Mvua ikinyesha, majiko ya uani huingia ukumbini. Mkaa hauonekani kutoa moshi kama kuni, na ndiyo maana watu huuamini, lakini hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu wala rangi inayozuia damu kupeleka oksijeni kwenye seli na kuziathiri mitokondria zenyewe. Neva iliyokosa foleti inaweza kuendelea kwa kusuasua. Ikiongezewa hewa ya namna hiyo kila jioni, ndipo inapoelemewa. Cuba nako Alfredo Sadun, daktari wa macho aliyekwenda kuchunguza, alipendekeza kwamba ukosefu wa foleti ulikutana na methanoli ya pombe za kienyeji, kwa sababu mwili unahitaji foleti ili kuondoa sumu inayotokana na methanoli. Upungufu peke yake, au sumu peke yake, huenda usitoshe, na watafiti wengi wanauona ugonjwa huu kwa jinsi hiyo.

Wapo wanaopinga maelezo haya kwa kutumia kalenda. Cuba, wanasema, iliugua ilipofilisika, lakini Dar es Salaam iliugua baada ya ruksa, yaani biashara kufunguliwa, wakati maduka yalikuwa yamejaa tena na foleni za sukari na sabuni zimesahaulika. Kama ni njaa, ingekuwa 1982 au 1983, miaka ya mgao wa duka la kaya. Naona hoja hii inakiangusha tu kile ambacho sikukisema. Akiba ya foleti mwilini haimalizi nusu mwaka, kwa hiyo hakuna anayeweza kuilaumu njaa ya 1983 kwa damu ya 1988, sembuse ya 2010. Lakini kujaa kwa maduka hakumaanishi kujaa kwa sahani. Mabadiliko ya uchumi ya 1986 yalirudisha bidhaa na yakapandisha bei, na mshahara haukuzifuata. Jiji nalo liliendelea kufurika watu waliopanga chumba kimoja na kununua kila kitu kwa kipimo cha siku. Tena tofauti ya kalenda ndiyo inayoniridhisha zaidi. Ugonjwa wa Cuba ulikuja na dhiki ya ghafla na ukatulia vitamini zilipogawiwa. Wa Dar es Salaam ulikuja polepole na ukakaa, kama inavyopasa kuwa pale chanzo kinapokuwa maisha ya kawaida ya kila siku.

Wengine huelekeza kidole kwenye ukoo. Upo ugonjwa wa kurithi, unaoitwa kwa jina la Leber, unaoharibu nyuzi hizohizo za neva na kuwapata zaidi vijana wa kiume kupitia damu ya mama. Kwa mgonjwa mmoja mmoja daktari ana haki ya kuufikiria. Lakini ugonjwa wa kurithi hauanzi kuonekana mwaka fulani katika jiji fulani, kwa wavulana na wasichana wa makabila yote yaliyochanganyika uswahilini, ambao hawana nasaba moja. Kinachowezekana ni kwamba baadhi ya watu wamezaliwa na neva dhaifu zaidi, na hao ndio wanaotangulia kuanguka, jambo ambalo lingeeleza kwa nini katika nyumba moja, chungu kimoja, anaugua mmoja tu. Pombe haramu na sigara nazo zimetajwa. Kwa watu wazima sizikatai, ila hazielezi mtoto wa shule ya msingi ambaye hajagusa hiki wala kile. Na muhogo wenye sumu, uliolemaza miguu ya watu wa Tarime mwaka 1985 kwa ugonjwa wa konzo, ulifanya kazi yake pale ukame ulipowalazimisha watu kuula bila kuuandaa vya kutosha. Muhogo wa kuchoma wa barabarani Kinondoni, mtamu na wa kula mara mojamoja, ni kitu kingine kabisa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanasayansi wenyewe, nalo lina sehemu mbili. Kwanza, damu ya mgonjwa ilipimwa baada ya kuugua, na mtu aliyepoteza kazi kwa kupoteza macho hula vibaya zaidi, kwa hiyo foleti ndogo inaweza kuwa tokeo badala ya chanzo. Pili, wagonjwa wengi wa Dar es Salaam hawarudishiwi kuona kwao hata wakipewa vitamini, ilhali wa Cuba wengi walipata nafuu. Sehemu ya kwanza naikubali nusu. Utafiti mmoja wa kulinganisha hauwezi kuhukumu peke yake, na ndiyo maana sikujenga hoja yote juu yake. Lakini ukiwekwa pamoja na ramani ya dalili, na Jamaica, Nigeria, Singapore na Cuba, unaongeza uzito wake palepale ambapo uzito ulikuwa tayari umeegemea. Ama sehemu ya pili, jibu lake liko kwenye neva yenyewe. Uzi wa neva ya jicho uliochoka unaweza kufufuka ukilishwa mapema, lakini uliokufa hauoti tena. Cuba ilikuwa na daktari karibu kila mtaa na serikali iliyotafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba. Mtoto wa Kinondoni kwanza huambiwa mvivu wa kusoma, kisha hupelekwa kununuliwa miwani, kisha hutafutiwa aliyemroga, na anapofika hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT pale Msasani upande mmoja wa neva umekwisha kuwa mweupe. Vidonge vilivyoshindwa kumponya huyu havithibitishi kwamba visingemkinga miezi sita kabla.

Serikali haikukaa kimya kuhusu unga, ingawa si kwa ajili ya macho haya. Kanuni za kuongeza virutubisho kwenye chakula zilitungwa mwaka 2011 na mpango ukazinduliwa mwaka 2013: vitamini A kwenye mafuta ya kula, na madini ya chuma, zinki, foleti na B12 kwenye unga. Nia kubwa ilikuwa upungufu wa damu na watoto wanaozaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Katika kuzitekeleza, unga wa ngano ulikuwa rahisi, kwa sababu vinu vyake ni vikubwa na ni vya kuhesabika, na ngano yenyewe karibu yote hupitia bandarini. Kwa hiyo andazi la asubuhi ambalo nimelitaja hapo juu huenda leo lina foleti kuliko ugali wa jioni. Sembe ni shughuli nyingine. Inatoka kwenye mamia ya mashine ndogo, kila moja ikisagia watu wa mtaa wake, na mwenye mashine anayelipia umeme kwa luku hawezi kununua mashine ya kupimia unga wa virutubisho na kuulipia mwenyewe huku jirani yake hafanyi hivyo. Wapo wanaosema basi mashine hizo zifungwe, unga wote utoke viwandani. Watakaolipia uamuzi huo ni wanunuzi wa Tandale na Manzese wanaopata unga kwa robo kilo, na vijana wanaokoboa, kuosha na kuanika. Njia iliyo karibu zaidi ni kukoboa nusu, au kuacha kukoboa kabisa, na katika miaka ya karibuni dona imeanza kurudi kwenye maduka ya Kinondoni, safari hii ikinunuliwa na wenye kisukari kwa agizo la daktari, kwa bei ya juu kuliko sembe.

Kwa upande wa foleti kuna tahadhari moja ambayo wapenda urutubishaji huisahau. Foleti nyingi kwa mtu mwenye upungufu wa B12 hurekebisha damu yake na kuficha tatizo, huku neva zikiendelea kuharibika chini kwa chini. Kwa hiyo chakula cha kulinda macho ya jiji hakiwezi kuwa cha kidonge kimoja, kama matone ya vitamini A yalivyoweza kuwa. Kinahitaji majani na kunde, kinahitaji dagaa au yai, na kinahitaji nishati ya kupikia ambayo haimfukizi anayepika wala anayelala ukumbini. Gesi ya mitungi imeingia nyumba nyingi za Dar es Salaam katika miaka hii kumi, ila mtungi nao hununuliwa kwa mkupuo, na penye kukosekana mkupuo kopo la mkaa lingali linauzwa. Hospitali zetu za macho zina kumbukumbu za tangu kabla ya gesi, kabla ya unga wa virutubisho na baada yake. Kuhesabu wagonjwa wapya kwa mwaka na kwa kata, Tandale mbali na Mikocheni, Mbagala mbali na Kurasini, si kazi ya fedha nyingi, na ndiyo itakayoonyesha kama yale yaliyofanywa kwa sababu nyingine yamewafaa pia vijana hawa.